Vidonge vya fangasi za kucha, sasa mkojo kama chai ya rangi

Muosha Magari: Wakuu habari za jioni. Naosha magari Tabata mwaka wa nne huu, miguu kwenye gambuti kutwa. Kucha za dole gumba zimenenepa, ukizikwangua zinatoa unga. Duka la dawa wakanipa ketokonazo miligramu 200, kimoja kila siku "mpaka zipone". Wiki ya sita sasa, kucha vilevile. Ila mkojo umekolea kama chai ya rangi, chakula sikitaki, usiku najikuna mwili mzima. Jana mama watoto kanivuta mlangoni kwenye mwanga: "Baba Zai, mbona macho ya njano?" Vimebaki 8. Nimalizie?

Mtoto wa Tandika: Homa ya manjano hiyo mkuu. Piga juisi ya miwa.

Dada wa Famasi: Homa ya manjano huletwa na mbu, tusichanganye. Kaka, usimeze hata kimoja tena. Ketokonazo ya kumeza inajulikana kwa kuumiza ini. Mwaka 2013 Marekani walisema isitumike kwa fangasi za ngozi wala kucha, Ulaya wakashauri isiuzwe tena. Krimu yake haina neno, haizami mwilini kiasi hicho. Kesho asubuhi hospitali, boksi mkononi. Wapime ini na homa ya ini B pia, maana macho ya njano yana sababu nyingi. Ukitapika mfululizo au ukianza kuchanganyikiwa, nenda usiku huohuo. Pombe? Panadol?

Muosha Magari: Bia Jumamosi tu. Panadol karibu kila siku, mgongo.

Dada wa Famasi: Acha vyote viwili mpaka daktari aseme.

Mzee wa Segerea: Mimi nilipewa tabinafini, dawa nyingine ya fangasi za kucha, wiki 12. Daktari aligoma kuandika mpaka nipime ini, nikajua ananilia hela tu. Kumbe nayo hugusa ini, ingawa ni mara chache. Mimi ilinipotezea ladha, pilau la Idi nikalitafuna kama karatasi.

Muosha Magari: Mrejesho. ALT, kile kipimo cha damu cha ini, imesoma 412, wa maabara anasema ya kawaida haizidi 40 hivi. Homa ya ini B sina. Dawa imesimamishwa, Alhamisi narudi kupima tena. Boksi daktari kalitia kwenye droo, hakunirudishia. Gambuti mama Zai kazianika juu ya bati.