MREJESHO: Kuchapa fulana kwa stika iliyokatwa

Wakuu, niliuliza namna ya kuchapa fulana za kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza, kwa stika iliyokatwa badala ya kuchoma skrini (fremu yenye kitambaa cha wavu kinachopitisha wino) kwa dawa inayogandishwa kwa mwanga. Asanteni sana! Nilikata maandishi yakiwa yamegeuzwa, nikabandika stika yenye matundu ya herufi kwenye skrini, upande unaogusa fulana, nikavuta wino mzito juu ya wavu. Herufi kubwa zimetoka safi kabisa, na baada ya kupigwa pasi juu ya karatasi hazififii zikifuliwa. Kilichogoma ni maandishi madogo: vipande vya katikati ya "a" na "e" vilibanduka, na nilipoosha skrini stika ikainuka pembeni. Kwa fulana chache inafaa. Oda kubwa nitatumia dawa. Uliyeshauri kuziba kingo za fremu kwa selotepu, ubarikiwe, wino haukuvuja hata tone.