Mrejesho: bustani ya mama Makete na ile sakitu

Wakuu habari zenu, mimi niko Tanga huku joto tu, ila niliuliza namna ya kuokoa bustani ya mama kule Makete isiunguzwe na sakitu, yaani ile barafu nyembamba inayoganda kwenye majani usiku wa baridi kali, bila kununua vitu vya bei. Asanteni sana jamani! Tulifuata ule ushauri wenu wa kumwagilia udongo mchana, jioni mama anafunika kwa mashuka ya zamani na viroba juu ya vijiti visiguse majani, asubuhi jua likitoka anafunua. Kabichi zimepona zote, maharage karibu nusu yamekufa, hasa ya kule bondeni baridi inakotuama, na pale nailoni ilipogusa majani yaliungua kabisa, kwa hiyo nailoni tupu msiilaze juu ya mmea. Viazi vimeanza kuchipua tena. Mama anawasalimia sana.