Pete ya mawe matatu: la mama linakaa katikati, ya pembeni yawe na ukubwa gani?

mtoto_wa_mwisho

Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo yenu manake hili jambo wiki ya tatu sasa linanizungusha kichwa. Mama alituachia pete yake yenye almasi moja, na yeye aliipata kwa bibi. Pete yenyewe imelika mpaka upande wa chini imekuwa kama uzi, na vikucha viwili vinavyoshika jiwe vimeisha kabisa, kwa hiyo nimeamua nitengeneze mpya, almasi ya mama ikae katikati na pembeni niweke mbili za kununua. Tulizaliwa wawili, mimi na dada yangu, ndo maana nataka tatu.

Jiwe limepimwa, karati 1.02, rangi K (herufi zinaanzia D jeupe kabisa, zikisogea mbele umanjano unaongezeka), upana milimita 6.2. Ukiliangalia kwa juu katikati kabisa kuna kaduara kadogo keusi kama tundu la sindano, nilivyokuwa mdogo nilikuwa naamini ni jicho.

Sasa sonara niliyeongea naye kanipa chaguo mbili, pembeni 0.25 kila moja au 0.50 kila moja, anasema kanuni ni ya pembeni yakijumlishwa yalingane na la kati. Hiyo ya 0.50 nikiifikiria ina mantiki, kila mtoto nusu ya mama, ila moyo unaogopa la mama litamezwa. Na 0.25 naona kama vichembe tu jamani, robo! Kidole changu ni chembamba, pete ninayovaa sasa kipenyo cha ndani ni milimita 15.7. Halafu ya pembeni nilitaka yawe meupe kabisa, D au E, yale mazuri yenyewe. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa oda.

mawe_matatu

Pole kwa mama dada. Mimi nakwambia chukua makubwa. Yangu ina 0.75 katikati na 0.50 pembeni, yaani yamekaribiana sana, kama 5.8 na 5.1 ukipima kwa milimita, na nikinyoosha mkono inang'aa kama mstari mmoja wa mwanga kutoka upande huu mpaka ule, mwaka wa sita huu sijawahi kutamani ndogo. Ila niseme ukweli kidole changu ni kipana, na kwangu yote matatu yalinunuliwa siku moja, hakuna lenye historia kuliko mwenzake, kwa hiyo sikuwa na hofu hiyo ya moja kumezwa.

sonara_mezani

Hii ndo kazi yangu ya kila siku kwa hiyo ngoja niandike kwa kirefu, dada uvumilie, kuna mambo kadhaa hapa yamefichana.

Kwanza weka karati pembeni. Karati ni uzito, moja ni gramu 0.2, na macho hayaoni uzito, yanaona upana. Jiwe likiongezeka linanenepa pande zote, juu, chini na ubavuni, kwa hiyo upana unasogea polepole sana. Almasi ya duara ya 0.25 ina kama milimita 4.1, ya 0.50 kama 5.1, ya karati 1 kama 6.5, ya karati 2 kama 8.1. Umeona hapo? Toka robo kwenda nusu uzito umekuwa mara mbili lakini upana umeongezeka milimita moja tu. Kwa hiyo hiyo robo inayokutia wasiwasi machoni siyo robo, 4.1 kwa 6.2 ni asilimia 66, karibu theluthi mbili. Na hiyo nusu siyo nusu, ni asilimia 82, watu wakiiona hawataona mama na watoto, wataona dada watatu. Kama unataka la kati litawale, mezani kwetu huwa tunacheza kati ya asilimia 60 na 70 ya upana wake. Mwenzako hapo juu yuko kwenye 88 na pete yake naamini ni nzuri kweli, ila ile ni pete ya aina nyingine.

Pili, kale kaduara keusi. Niliposoma hapo nikasimama. Hiyo ni ncha ya chini ya jiwe, imekatwa bapa badala ya kuachwa imechongoka, na wewe unaiona kupitia juu. Inaonekana jiwe la bibi ni la ukataji wa kizamani, uso wa juu mdogo, mabega yameinuka, tumbo refu, ndo maana karati 1.02 imetoa milimita 6.2 tu wakati la kisasa lingekaribia 6.5, uzito mwingi umekaa chini. Ukataji wa sasa unatokana na hesabu ambazo Marcel Tolkowsky alizichapisha 1919, za pembe gani zirudishe mwanga juu kwa anayeangalia. Jiwe la kisasa linameta vipande vidogo vidogo vingi kwa mpigo, la kizamani linatoa miali mipana, inawaka na kuzimika taratibu jinsi mkono unavyosogea, liangalie jioni kwenye taa hafifu utajua nasema nini. Sasa ukilibana katikati ya mawili ya kisasa yanayometameta muda wote, la mama litaonekana limepooza, na halijapooza. Tafuta ya pembeni yaliyokatwa kizamani pia, yanapatikana, mengi hutolewa kwenye hereni na pete kuukuu. Ukikosa kabisa badilisha umbo, chukua ya umbo la tone ncha zikiangalia nje, au vile vijiti vinavyopungua upana kuelekea nje, ili tofauti ionekane imekusudiwa.

Rangi, hapo nakuomba sana USINUNUE D. K ikiwa peke yake ina joto kidogo tu, yaani umanjano, na wengi hawalioni, lakini iweke katikati ya mbili za D na mama atageuka njano mbele ya macho yako, utakuwa umelipa hela zaidi ili umharibie. Tafuta J au K. Yaweke yote matatu kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, karibu na dirisha lakini siyo kwenye jua lenyewe, yaangalie kwa juu yakiwa yamepangana kama yatakavyokaa kwenye pete. Na vikucha vya dhahabu ya njano vitaupokea huo ujoto vizuri kuliko vyeupe.

kalipa_mkononi

Naongezea kwenye milimita manake mimi niliumia. Niliagiza mawili ya pembeni nikasema tu "nataka 0.30 na 0.30", yakaja kweli 0.30 na 0.30, mzani hauna kosa, ila moja lilikuwa 4.4 na lingine 4.1, lile dogo limeficha uzito wake tumboni. Kwenye mkono 0.3 ya milimita unaona ni kitu gani, ila yakikaa kushoto na kulia ya jiwe moja jicho linalinganisha lenyewe bila kuambiwa, pete ilikuwa inaonekana kama imeinama na mtu wa kwanza kuniambia alikuwa mtoto. Ikabidi yatolewe. Dada omba vipimo vya milimita vya kila jiwe kwa maandishi, urefu, upana na kina, kwenye cheti kinachoeleweka huwa vipo. Hasa kama unatafuta ya kizamani, yale yalikatwa kwa mkono, mengine hata duara halijakamilika.

Na jaribio la bure kabisa, kata viduara vya karatasi kwa vipimo hivyo, bandika kwenye kidole, kaa navyo siku nzima.

mawe_matatu

Sonara umenifungua macho hapo kwenye ukataji. Ila dada kama unapenda makubwa bado kuna njia nyingine, kumbuka ile pete ya uchumba ya 2017 Prince Harry aliyompa Meghan Markle, la katikati ni jipya kutoka Botswana na mawili ya pembeni ndo yalikuwa ya Princess Diana, mama yake Harry. Yaani la urithi siyo lazima likae kati.

mtoto_wa_mwisho

Ya Meghan naijua na ni nzuri lakini hapana, mama hawezi kwenda pembeni, hilo moyo wangu umekataa moja kwa moja.

Viduara nimekata jana usiku. Za 5.1 jumla inafika 16.4 na kidole changu hakifiki huko, karatasi za pembeni zilikuwa zinashuka kwenye mabega ya kidole, nikikunja ngumi zinasugua vidole vya jirani, nikazitoa hata saa moja haijaisha. Za 4.4 jumla 15.0, zinaenea ila zimejaa, hakuna hata upenyo wa ngozi. Za 4.1 mwanzoni nikaona kama nilivyohofia, vichembe, basi nikaziacha tu nikaendelea na kazi zangu, baadaye nanyoosha mkono kushika kitasa cha mlango nikaona la katikati kwanza halafu yale mawili yamelishika huku na huku. Nimesimama pale mlangoni muda mrefu.

Kwa hiyo nimebaki na 4.1 mpaka 4.3, kizamani, J au K. Sonara kuna kingine cha kumwambia fundi?

sonara_mezani

Kipo, na hiki kwa jiwe lako ni muhimu kuliko ukubwa. Kabla hajaanza kukunja vikucha alikague kiuno cha jiwe kwa lenzi ya mara 10, pale kwenye ukingo ambapo nusu ya juu inakutana na ya chini. Mawe ya kizamani mara nyingi yana kiuno chembamba kama wembe, na almasi pamoja na ugumu wake wote inabanduka ukingoni ikigongwa. Na kinachoikwaruza almasi ni almasi, kwa hiyo mawe yasigusane kabisa, aache upenyo wa unywele, mwembamba kiasi kwamba ukiangalia kwa juu huoni dhahabu katikati ya jiwe na jiwe. La mama alinyanyue kidogo, ya pembeni ayashushe na kuyainamisha kufuata mviringo wa kidole, kama yote yakikaa usawa mmoja yatachomoza pembeni na kunasa kila nguo. Yakiinama hivyo kwa juu yanaonekana membamba kidogo, kwa hiyo kwenye hiyo 4.1 mpaka 4.3 mimi ningeanza kutafuta 4.3, ni asilimia 69, bado uko salama. Na kama unavaa pete nyingine kidole hichohicho nenda nayo siku ya vipimo, visima, yaani vile vikombe vinavyobeba mawe ya pembeni, vikishuka sana pete zitagongana.

mtoto_wa_mwisho

Nimeyaandika yote kwenye daftari naenda nayo. Asanteni sana sana. Dada yangu nimemtumia picha ya viduara vya karatasi, hakuuliza karati wala milimita, kajibu tu kwamba la kushoto ni lake.