Mchanga na mizizi: njia nyembamba ya msituni kwa baiskeli

Swali
Assalaam aleykum, wenzangu. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, Mombasa, nami nimezoea vijia vya Bamburi, penye msitu wa mivinje ulioanza kupandwa mwaka 1971 juu ya machimbo ya mawe ya matumbawe. Sasa natamani kuujaribu msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi, lakini kila niingiapo kwenye mchanga mwingi gurudumu la mbele huzama na kunitupa kando. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Waaleykum salaam, ndugu yangu. Punguza upepo wa tairi kidogo ili zitandae juu ya mchanga, kaa nyuma zaidi ili uzito uondoke mbele, kisha endelea kupiga pedali bila kukatiza, kwa gia nyepesi, hata ukihisi baiskeli inayumba. Usiubane usukani, mikono ikikakamaa, ndipo mtu huanguka.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu mizizi, ambayo binafsi naiogopa kuliko mchanga, hasa ikilowa mvua ya masika. Ivuke kwa pembe mraba, ufunge breki kabla ya kuifikia na kuziachia ukiwa juu yake, na macho yatangulie mbele, kwa kuwa baiskeli hufuata unakotazama.

Jibu la tatu
Kaka, msitu ule una ndovu. Nakusihi usiende peke yako: pita kwanza langoni Gede, uchukue mwelekezi, na uwe umetoka kabla ya magharibi.