Jina Specioza limetoka wapi, na mbona watoto wa siku hizi hawapewi tena?

mama_nafula_busia
Habari zenu wadau. Nina swali la jina, naomba msinicheke. Tumepata binti hapa Busia upande wa Uganda, jina la nyumbani tayari ni Nafula sababu kazaliwa mvua inamwagika, hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwa jina la ubatizo. Marehemu mama mkwe aliitwa Specioza na ssenga wa mtoto (shangazi yake) amesema hiyo ndo hiyo, mume naye amenyamaza tu kama kawaida yake akisikia dada yake anaongea. Mimi nilikuwa nimeshapanga Shanitah.

Si kwamba jina nalichukia, mama mkwe nilimpenda sana. Ila kila Specioza ninayemjua ana wajukuu. Nimeingia google kutafuta maana nikaletewa miti, vipepeo, na dawa fulani ya majani huko Asia, mtu hata mmoja hakuna. Sasa nauliza: ni jina la mtakatifu kweli ama wazee walilitunga tu? Linaandikwa na s ama z? Na kuna msichana yeyote mdogo analo, ama wangu ndo atakuwa peke yake darasani?

katekista_mstaafu
Mwanangu hongera kwa mtoto. Hilo jina ni Kilatini na maana yake mzuri, mrembo, mwenye sura ya kupendeza. Ndo maana google inakuletea miti, wataalamu wa mimea wakiona ua limewapendeza wanalibandika speciosa basi wameshamaliza kazi.

Lakini sisi hatukulipata kwa miti, lilikuja na kanisa. Ile Biblia ya Kilatini ya zamani ukifungua Wimbo Ulio Bora 2:13, yule kijana anamwita mpenzi wake ainuke, anamwambia "speciosa mea", yaani mzuri wangu. Kuna na antifona, wimbo mfupi wa sala, ya Bikira Maria, Ave Regina Caelorum, kwa utaratibu wa zamani ilikuwa inaimbwa kuanzia Februari 2 mpaka Jumatano ya Juma Kuu, ndani yake anaitwa "super omnes speciosa", mzuri kupita wote. Sasa we fikiria masista na mapadri waliokuwa wanaiimba kila usiku kipindi hicho chote, halafu asubuhi analetwa mtoto wa kike abatizwe na wazazi hawana jina mkononi. Utapewa nini? Na ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 3, yule kiwete alikuwa anawekwa kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, hicho Kilatini kinauita Speciosa huo mlango. Kwa hiyo hakuna mtu aliyelitunga, lipo kwenye maandiko kabisa.

Shanitah mimi sijui ni mtakatifu wa wapi.

dereva_malaba
😂😂 mzee amemaliza na Shanitah

Dada mbona unasema hakuna mtu google, andika Specioza Wandira Kazibwe uone. Makamu wa rais wetu kuanzia 1994 mpaka 2003, mwanamke wa kwanza Afrika nzima kushika hiyo kiti, na ni daktari wa upasuaji kutoka Iganga, si mbali na huko kwenu. Miaka ile jina lilikuwa kwa redio kila siku, hata mtu ambaye hajawahi kuingia kanisa katoliki alilijua. Hilo jina lina heshima zake bana, usilidharau.

mama_nafula_busia
@dereva_malaba huyo namjua kaka, lakini ye mwenyewe kazaliwa miaka ya 50, ndo kwanza umenisaidia kwa hoja yangu 😅

abwooli_fp
Webale dada. Niongeze hapo kwa swali la mtakatifu maana katekista amelipita kidogo.

Yupo, ila si maarufu. Mji wa Pavia kule Italia kaskazini, mapokeo yao yanawataja mabikira watakatifu waliokuwa dada zake Mtakatifu Epifani, askofu wa huo mji aliyefariki mwaka 496. Mmoja ni Honorata, mwingine Luminosa, mwingine Speciosa. Basi. Hana picha nyumbani kwa mtu, hana novena inayojulikana, na nina uhakika hata hao mama wakwe wetu walioitwa Specioza hawakuwahi kusherehekea sikukuu yake. Linganisha na Goretti. Maria Goretti alitangazwa mtakatifu 1950 na Papa Pius XII, habari yake ikahubiriwa mashuleni, na we mwenyewe unajua Uganda ina Goretti wangapi. Specioza haikuenezwa na habari ya mtu, ilienea kwa sababu ilisikika vizuri na ilimhusu Bikira Maria, halafu bibi mmoja akiitwa hivyo wajukuu wanarithi.

Na kwa nini limepungua, hapa watu husema ni mambo ya usasa tu, mimi naona sheria ya kanisa ina mkono wake. Sheria ya 1917 kanuni ya 761 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa basi paroko aongeze jina la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Yaani padri alikuwa na kalamu na orodha, we unakuja na jina lako la nyumbani yeye anakuchagulia. Sheria mpya ya 1983 kanuni ya 855 inasema tu jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Umeona tofauti? Siku hizi unaweza kumbatiza mtoto kwa jina la kwetu lenye maana nzuri na padri akakubali. Zile Restituta, Scholastica, Perpetua, Pelagia, zilikuwa zinalindwa na ile kalamu ya paroko. Kalamu ilipolegea zikabaki na wenye mapenzi nazo. Na misa yenyewe iliacha Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hiyo hata kulisikia neno speciosa likiimbwa kukaisha, mtoto wa leo atalipenda kutoka wapi.

Huku kwetu Toro tuna bahati moja, mtoto hata umwite jina gani gumu bado ana empaako yake, lile jina la heshima na mapenzi, ataitwa Abwooli ama Akiiki siku nzima na lile la kanisa linangoja shule.

mnoko_wa_jinja
Mbona hakuna aliyejibu s au z? Ndo swali zuri kuliko yote hapo.

Kilatini ni s, Speciosa. Z yetu ni ya masikio. Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, waliofika Entebbe Februari 17, 1879 walikuwa Wafaransa, padri Lourdel na bruda Amans. Mfaransa akikuta s katikati ya vokali mbili anaisoma z, hata akisoma Kilatini. Baganda waliandika walichosikia, ndo hao hao waliosikia mon père, "baba yangu" kwa Kifaransa, wakamwita Lourdel Mapeera. Angalia Tereza, Roza, Yozefu, Luiza, zote zina hiyo z. Specioza imepita njia hiyo hiyo.

Ushahidi mwingine ni hiyo ci. Mtaliano angesoma "spechioza" maana Kilatini cha Roma kinasoma ci kama chi. Sisi wote tunasema spesi-, hakuna mtu nimewahi kumsikia akisema spechi-. Kwa hiyo mdomo uliotufundisha hili jina si wa Mtaliano.

dereva_malaba
Ngoja kwanza mnoko. Busoga na huku kwetu Tororo hawakuletewa dini katoliki na Wafaransa, ni mapadri wa Mill Hill waliotoka Uingereza, walikuja 1895. Sasa z ya Kazibwe imetoka wapi?

mnoko_wa_jinja
@dereva_malaba swali zuri. Mill Hill walikuta Wakatoliki wapo tayari, waalimu wa dini wengi walikuwa Baganda na vitabu vya sala vilikuwa vya Luganda. Mzungu alibadilika, mwalimu wa dini hakubadilika. Na mwalimu wa dini ndo alikuwa anamtamkia mama jina la mtoto, mara nyingi yeye ndo alikuwa anamshauri lipi achukue. Mimi z ya mashariki naisomea hapo.

Tena ukivuka mpaka wa Mutukula uingie Tanzania uende Kagera kule Bukoba, nako lipo jina, wengi wanaliandika na s, Speciosa, na Rwanda na Burundi wanaandika Spéciose kwa Kifaransa. Jina ni moja, kila mpaka na spelling yake.

wa_arua_hill
Asalaam aleikum. Mimi Muislamu nimepita tu lakini huu uzi umenifurahisha. Kama maana yake ni mrembo basi hiyo ni Jamila banaye! Mama yangu mdogo anaitwa Jamila na hakuna anayesema ni jina la wazee, kila mwaka kuna Jamila mpya Arua. Nyinyi mmeliacha la kwenu likazeeka kwa kulificha kwa Kilatini.

Alafu nilikuwa sijui kumbe jina linasema dhehebu. Huku ukisikia Jamila unajua ni wetu, sasa hao Wakristo nilidhani wote ni sawa.

katekista_mstaafu
@wa_arua_hill waaleikum salaam ndugu. Linasema kabisa. Wa Namirembe, yaani Waanglikana, walichukua majina kutoka Biblia ya Luganda, ndo unakuta kina Eseza, Lakeeri, Leeya. Wa Rubaga, sisi Wakatoliki, tukawa na haya ya Kilatini. Zamani ukiambiwa kuna binti anaitwa Specioza anatafutiwa mchumba hukuhitaji kuuliza anasali wapi.

spe_wa_ntinda
Hellooo. Mimi hapa. Specioza, niko chini ya miaka 30, nafanya kazi Kampala, na sina mjukuu 🙋🏾‍♀️

Dada mama Nafula nikwambie ukweli wa mwenye jina. Primary walinisumbua kidogo, "special hire" lilikuwa linanifuata mpaka P7, kwa ambao hawako Uganda hiyo ni teksi ya kukodi. Secondary likaisha maana kila mtu alikuwa na jina la ajabu. Sasa hivi nalipenda kupita maelezo. Ofisini kuna kina Patricia na Brenda wengi mpaka wanaitwa kwa majina ya baba zao, mimi ukisema Spe kila mtu anajua ni nani. Nyumbani ni Spe, kwa bibi ni Spesi, rafiki zangu wanasema Ioza sijui walitoa wapi.

Aliyenipa jina ni bibi mzaa baba, alikuwa ananiita majina, "Specioza mwenzangu njoo", nikakua najiona mtu mkubwa. Hiyo Shanitah haiwezi kukupa.

Shida yangu ni moja tu na ndo nataka uisikie vizuri kuliko habari za Ulaya. Cheti cha ubatizo kina z, cheti cha shule kina s, kitambulisho cha taifa mtu akaniandikia Spesioza na s mbele na z nyuma. Nilipoomba kazi ya kwanza niliulizwa hawa ni watu watatu ama mmoja. Kuapa kwa wakili, kuleta barua, kupanga foleni, pesa imeenda. Kwa hiyo chagua spelling MOJA leo, iandike kwa karatasi kwa herufi kubwa, na uende nayo kila mahali wanapoandika mtoto, kadi ya chanjo, kanisani, cheti cha kuzaliwa, shule. Usiitamke, waonyeshe karatasi. Ukiitamka kila karani ataandika masikio yake.

mnoko_wa_jinja
"kila karani ataandika masikio yake" hiyo ndo historia nzima ya hii z 😂

abwooli_fp
Spe umesema kweli. Na dada hapa kwetu hakuna sheria kwamba jina la kanisa lazima litangulie. Unaweza kuandika Nafula mbele, Specioza nyuma, ssenga amepata lake na mtoto darasani anaitwa Nafula. Muhimu mpangilio ufanane kwenye karatasi zote.

mama_nafula_busia
Asanteni sana jamani, mzee katekista nimekusomea mume hiyo ya Wimbo Ulio Bora akacheka akasema kumbe mama yake alikuwa anaitwa mrembo miaka yote na baba alikuwa hajui. Nimempigia ssenga nikamwambia maana, hata yeye alikuwa hajui! Amelipigania jina mwezi mzima bila kujua maana yake 😂 sasa anataka kanisani padri alitangaze na maana yake.

Tumeamua Nafula Specioza, na z, kama cheti cha marehemu. Shanitah ameahidiwa wa pili, mume hajajua.

dereva_malaba
Wa pili akiwa mvulana je

mama_nafula_busia
Karoli. Hilo halina mjadala.