Jiko la pipa halishiki moto, nifanyeje?

Mama wa Igombe:
Nachoma sato hapa Igombe, hatua chache tu kutoka majini. Jiko langu ni pipa la lita 200 lililopasuliwa nusu. Ikifika saa nane mchana upepo wa ziwa unalipiga ubavuni: upande mmoja mkaa unawaka kama kwa mhunzi, upande wa pili umelala. Samaki anaungua ngozi, mgongoni bado ana damu. Wiki iliyopita nikapanga mawe ndani nikidhani yatatunza joto. Ndoo nzima ya mkaa iliisha jiko halijachangamka, na jiwe moja nililookota ufukweni likapasuka kwa kishindo, kipande kikapita karibu na mwanangu. Tangu siku hiyo nawasha kwa hofu. Mwenye kujua anisaidie.

Fundi Tanuri:
Pole sana mama. Mawe ya ufukweni usirudie kabisa, yana maji ndani; maji yakigeuka mvuke lazima yatafute pa kutokea. Jiwe kweli hutunza joto, ila hulinywa kwanza. Linafaa tanuri la mkate linalowaka kutwa, si jiko la saa mbili. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyotulia. Chukua udongo wa kichuguu na pumba za mpunga, ujazo sawa kwa sawa, kanda mpaka ulainike, kandika ndani ya pipa unene wa vidole vitatu. Pumba zitaungua zenyewe ziache vitundu, humo ndimo hewa inapokaa. Kausha kivulini wiki nzima, kisha uwashe moto mdogo siku mbili tatu. Ukiharakisha, udongo utapasuka.

Mchomaji Kirumba:
Mimi mfuniko umenisaidia kuliko udongo. Ile nusu nyingine ya pipa itie bawaba, funika samaki akishageuzwa. Upande wa moto usiweke bati la kuezekea, lina zinki, likipata moto mkali moshi wake ni mbaya kifuani. Na vigae vya zamani vya asbesto usivikate wala kuvivunja, hata ukipewa bure.

Mama wa Igombe:
Asanteni sana. Nusu nyingine ninayo, kuku wanaatamia humo. Kichuguu kipo shambani kwa shemeji. Matundu ya chini je, niyakandike?

Fundi Tanuri:
Hapana mama, yaache wazi. Chomeka vijiti unapokandika, udongo ukishika uvichomoe.