Mjadala: Setilaiti za kurushwa kwa dharura, Kenya inazihitaji?

Wadau, jana kwenye matatu ya Kasarani kijana mmoja alisema: Wamarekani wanaweza kurusha setilaiti kwa siku moja dharura ikitokea, basi na sisi tufufue kituo cha kurushia roketi cha Malindi. Abiria wakamuunga mkono. Mimi nilishuka nikiwa napinga, na naendelea kupinga hapa.

Ni kweli walifanya. Tarehe 14 Septemba 2023, kwenye zoezi la jeshi lao liitwalo Victus Nox, roketi ya Firefly Alpha iliondoka Vandenberg, California, saa 27 baada ya amri kutolewa. Lakini setilaiti yenyewe ilikuwa imeshaundwa na kujazwa mafuta, inangoja amri tu. Na ilipofika juu ilihitaji saa 37 zaidi ndipo iwe tayari kufanya kazi. Jumla saa 64.

Sasa rudini Mathare, Aprili 2024. Shangazi yangu anakaa hatua chache kutoka mtoni. Usiku ule aliamshwa na jirani akigonga mabati kwa jiwe. Aliposhusha miguu kitandani, maji yalikuwa kwenye vifundo. Alipomaliza kumfunga mjukuu mgongoni, yalikuwa magotini. Setilaiti gani ingemwahi? Pesa hizo ziende kwenye vipimo vya mto na ving'ora.

*Mzaliwa wa Garissa, Eastleigh:*
Ndugu, pole kwa shangazi, ila umechagua mfano unaokufaa wewe. Mathare maji huja kwa dakika, mto Tana huja kwa siku. Mvua inanyesha huko juu, bwawa la Masinga linajaa, halafu sisi wa chini tunafurika na maji yanakaa wiki nzima na zaidi. Barabara zimekatika, hujui kijiji gani kimebaki kisiwa. Hapo saa 64 ni msaada mkubwa. Tena msimu huo mawingu yametanda, kamera ya kawaida haioni chochote, inatakiwa rada. Ulaya walikuwa na setilaiti mbili za rada, Sentinel-1, na picha zake hutolewa bure kwa kila mtu. Moja ikaharibika Desemba 2021. Ya kuziba pengo ikarushwa Desemba 2024. Miaka mitatu! Mafuriko yetu yalikuta imebaki moja, inayorudia njia yake kila baada ya siku 12, si 6. Kungekuwa na ya akiba, tungeona mapema.

*Mwanafunzi wa uhandisi:*
Mnaisahau Malindi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale baharini, jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, na urushaji ukaendelea hadi 1988. Setilaiti yetu Taifa-1 tuliipeleka California mwaka 2023, tukangoja zamu na hali ya hewa ya watu. Tuko karibu na ikweta, dunia yenyewe inatusukumia roketi.

*Mwanzisha mada:*
Mdogo wangu, msukumo huo unasaidia roketi inayoelekea mashariki. Setilaiti nyingi za kupiga picha za ardhi hupita karibu na ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, kwa hiyo faida ya ikweta haipo. Na jukwaa la 1970 lilikuwa la Waitaliano, roketi za Wamarekani. Fahari yake naijua, nami ninayo, lakini haimwondoi mtu kwenye maji.

Wa Garissa, kwako nakubali. Nilifikiria Nairobi tu, na hilo ni kosa langu. Rada ya akiba ikiwekwa tayari kwa kuchangiana nchi za kanda, na roketi ya kukodi, naunga mkono. Kituo cha ramani cha kanda, RCMRD, kilichoanzishwa 1975, kiko hapa Kasarani, hatuanzi na sifuri. Ila nijibu hili, kwa kuwa kwenu unakujua: picha ikifika Kasarani asubuhi, nani atampigia simu chifu wa Garsen kabla ya jioni, na chifu atawafikiaje walio upande wa pili wa maji?